Hatua Mia Mbili

Sheria yetu ni fupi. Niliiandika mwenyewe
nyuma ya risiti ya saruji:
kati ya kopo na kopo, hatua mia mbili.
Nikaisoma Nyegezi, ikapigiwa makofi,
soda za mchango zikafunguliwa,
na kila mtu akaenda kuficha.

Hatukuuliza mlima.

Mabatini mawe yamepanda migongoni mwa mawe,
kizingiti cha huyu ni paa la yule.
Bugumba akaficha kopo lake la maziwa ya unga
katika ufa wa chini, kwenye unyevu na popo.
Sesilia akaficha lake kileleni,
penye upepo na mijusi ya vichwa vyekundu,
ziwa lote limelala machoni pako.
Kwenye ramani ni nukta moja.
Kwa miguu ni nusu saa na goti lililochubuka.

"Nimetangulia," akasema Bugumba. "Tangu Machi."
"Umetangulia chini," akajibu Sesilia.
"Juu hujawahi kufika, na tumbo hilo."
Tukacheka.
Bugumba hakucheka.

Basi nani aamue pa kuficha?

Aliyetangulia, wakasema wengine.
Kama ni kutangulia, nikawaza,
mapango yote haya ni ya pimbi.
Mwenyekiti wa mtaa, wakasema wengine.
Lakini yeye atataka barua, barua itataka mhuri,
na kitu kikishagongwa mhuri
kimefichwa wapi tena?
Kamati ya watu watatu, nikasema mimi,
nikainamisha kichwa kwa adabu
hadi walipolitaja jina langu.

Nakiri: nilinunua kalamu nyekundu.
Nakiri: neno "limekataliwa" lilinikaa vizuri mkononi.

La kwanza kulikataa lilikuwa la Lugendo,
mtoto wa fundi cherehani, miaka kumi na mmoja.
Kopo la rangi ya viatu, ndani yake
vifungo vitano na gololi ya bluu.
"Nimehesabu," akasema. "Mia mbili kamili."
Tukapima kwa miguu ya Bugumba:
mia moja ishirini na nane.
Mtoto akatazama viatu vya Bugumba,
akatazama ndara zake,
akaondoka bila kubisha.
Usiku ule nilirudia risiti yangu mara tatu.
Hatua mia mbili.
Sikuwa nimeandika za nani.

Jumamosi nikapanda kukagua ule ugomvi.
Ufa wa chini, mtupu.
Kileleni, patupu.
Juu ya jiwe pana, meupe kwenye jua,
makopa ya muhogo yameanikwa,
na katikati yake alama za raba, zetu,
na vipande vilivyopondwa.

Bi Nkwimba alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
fimbo mkononi, akiwangojea kuku.
"Nyie ndio wa makopo," akasema.
Halikuwa swali.
"Mimi ni wa makopa. Jiwe hili nalifagia
tangu mama yenu Sesilia hajaolewa.
Mnapita usiku na tochi, mnanikanyagia chakula,
kesho yake mnapimana hatua.
Mmewahi kubisha hodi?"

Sikuwa na kifungu cha kumjibu.

Akanyoosha fimbo nyuma ya choo, upande wa ziwa.
Pale, chini ya tofali lililovunjika,
kopo la Sesilia lilikuwa ndani ya kopo la Bugumba,
na ndani kabisa, lile dogo la rangi ya viatu.
Umbali kati yao, hakuna.
Kwenye daftari, mwandiko wa mjukuu wake:
*Yamehamia hapa. Njooni jioni,
makopa yakishaanuliwa. Msiruke ukuta.*

Nilisimama na risiti yangu mfukoni.
Gololi ya bluu ilikuwepo. Vifungo, vitano.
Kisha nikafanya anachofanya kila aliyetafuta akapata:
nikaandika jina, tarehe, saa.
Kalamu niliyokuwa nayo
ilikuwa ile nyekundu.